Mpishi Aliyeendelea Kwenda Kazini

Kisa hiki nimekiunda kutokana na mambo yanayojirudia kwa watu wa kazi ya msimu hapa Malindi. Si cha mtu mmoja unayeweza kumnyooshea kidole. Mhusika nitamwita Mpishi, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Nimekiandika kwa sababu nimechoka na orodha. Kila anayezungumzia msongo wa mawazo huja na safu mbili: huku njia nzuri, yaani mazoezi, ibada na kuzungumza na mtu; huku njia mbaya, yaani pombe, muguka (majani ya kutafuna, jamii ya miraa), kamari na kunyamaza. Mpishi alizijua safu zote mbili, na angeweza kumfunza mwanawe. Hazikumfaa, maana swali lililomhusu halimo ndani yake: hii njia ninayoishika yanifanyia kazi gani, na gharama yake atalipa nani?

Hali ilivyokuwa

Mpishi ana miaka 43, mke na watoto watatu. Mkubwa ni binti wa kidato cha tatu. Kwa zaidi ya miaka kumi amepika katika hoteli za ufuo wa kusini mwa mji, upande wa Casuarina. Watu wa hoteli Malindi huuhesabu mwaka kwa pepo. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, bahari hutulia, Waitaliano hujaa na jikoni hakuna kukaa. Pasaka ikipita na kusi ikiingia, mwani hujazana pwani, hoteli nyingi hufunga, na wenye kandarasi za msimu hurudi nyumbani kungoja kuitwa Julai au baadaye. Kungoja kwenyewe hakumtishi. Alishangoja mara nyingi, na mwaka 2020, ndege za kimataifa zilipositishwa kwa ajili ya korona, alingoja pamoja na mji mzima.

Mwaka huu hakuitwa. Simu aliyopigiwa ilikuwa fupi: hoteli inauzwa, mnunuzi hajaamua kama ataifungua, haki za wafanyakazi zitaangaliwa. Mkewe alikuwa uani akikaanga mahamri ya kuuza. Alipoingia ndani kuuliza ni nani aliyepiga, Mpishi akajibu: "Ni kazini. Naanza Jumatatu."

Jumatatu akatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mkoba wake wa visu, na aproni iliyopigwa pasi na mkewe. Akaenda gatini, akakaa karibu na wavuvi. Jua lilipopanda akahamia maskani moja nyuma ya soko, wanakotafuna muguka. Akarudi nyumbani saa tatu usiku, akasimulia siku yake. Mkewe anasema kinachomuuma hadi leo ni zile simulizi: alimweleza mpaka samaki walioletwa jikoni, siku hii nduaro, siku ile kolekole, na mgeni gani aliyerudisha sahani kwa sababu pasta imeiva kupita kiasi.

Hilo lilienda miezi mitatu. Mshahara wa mwezi wa kwanza aliutoa katika akiba. Wa pili ulikuwa mkopo wa simu. Wa tatu ulikuwa mkopo wa simu wa kulipia ule wa kwanza, na kilichobaki akakitia kwenye mkeka wa kamari ya mpira. Aliwahi kushinda mara moja, akalipa nusu ya karo, na nadhani ushindi ule ulimdhuru kuliko hasara zote, kwa kuwa ulimwonyesha kuwa mpango wake una akili. Usingizi ukakatika. Tumbo likaanza kumuwaka. Shingo ikamkaza kila jioni alipokaribia nyumbani.

Halafu usiku mmoja mkewe akapika wali wa nazi na mchuzi wa papa. Mpishi akamega tonge, akalirudisha sahanini. "Mchuzi hauna chumvi."

"Nikuletee?"

Akainuka, akaitupa sahani ukutani. Mtoto mdogo akaangua kilio. Binti mkubwa akachukua ufagio, akazoa wali na vipande, akatia chumvi katika kibakuli, akakiweka mbele ya babake pasi na kumtazama, kisha akaenda kulala. Tangu usiku ule humjibu kwa ndiyo na la.

Wiki mbili baadaye, sokoni, mkewe alikutana na aliyekuwa mhudumu wa meza katika hoteli ile. "Shemeji, na mzee ashapata pahali? Sisi wenzake bado twahangaika." Akajibu kuwa mzee hajambo, akanunua nazi zake, akarudi nyumbani.

Kila njia na kazi yake

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Lazarus na Susan Folkman, waliandika mwaka 1984 jambo ambalo bado lafaa kuanzia. Mtu anapoona yanayomkabili yamezidi uwezo alio nao, hufanya mambo ya aina mbili. Hulishughulikia tatizo lenyewe, au huzishughulikia hisia alizoletewa na tatizo. Zote mbili ni halali. Linalobadilika likabili kwa vitendo. Lisilobadilika tafuta namna ya kukaa nalo. Hoteli kuuzwa ni jambo ambalo Mpishi hangeweza kulibadilisha. Madeni, karo na kutafuta jiko jingine angeyaweza. Yeye aliyageuza kinyume. Lisilobadilika, yaani kupotea kwa kazi, alilipigania kila alfajiri kwa kulikana. Yanayobadilika akayaacha yakue kwa kuwa kuyatazama kulimtia kiwewe.

Ule uongo wa kwanza usiuone kama ubaya wa tabia. Ulimfanyia kazi ya sitara. Mwanamume wa hapa ambaye nyumba yake inakula kwa jasho lake anapoambiwa huna kazi, kinachovuliwa si mshahara peke yake, na neno "naanza Jumatatu" lilimpa siku nne za kupumua. Siku nne ni sawa. Hata wiki mbili ningezielewa. James Gross, mtafiti aliyechunguza sana namna watu wanavyozibana hisia zao, aliwaonyesha washiriki filamu za kuchukiza au za kuhuzunisha na kuwataka baadhi yao wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia, lakini machukizo na huzuni havikupungua, na miili ikaenda mbio zaidi kwa ndani. Katika majaribio mengine waliobana uso walikumbuka machache ya yale waliyoonyeshwa. Ndivyo Mpishi alivyokaa mezani kila usiku: uso mkunjufu, moyo ukidunda, na asubuhi hakumbuki mwanawe alimweleza nini kuhusu mtihani.

Hapa watu hukimbilia kusema basi kunyamaza ni sumu, toa yote. Sikubali. George Bonanno na wenzake walipowafuata wanafunzi wa New York katika miaka ya mwanzo ya 2000, waliokuja kuwa na hali nzuri baadaye walikuwa wale wenye uwezo wa yote mawili, kuonyesha hisia panapofaa na kuzizuia panapofaa. Mke wa Mpishi sokoni alizuia, na alifanya vyema. Aibu ya nyumba haikuwa ya kumwagwa kati ya mafungu ya nyanya. Tofauti yake na mumewe ni kwamba yeye alizuia kwa saa chache na mbele ya mtu asiyehusika. Mumewe alizuia kwa miezi, mbele ya mtu ambaye madeni yale yalikuwa yake pia.

Muguka nitaikalia kidogo, kwa sababu huku kwetu imegeuzwa mjadala wa serikali. Mei 2024 kaunti ya Kilifi, pamoja na kaunti nyingine za Pwani, ilitangaza kuipiga marufuku, na mahakama ikasimamisha marufuku hiyo. Sina haja ya kutetea jani lile. Lina kathinoni, kemikali inayochangamsha: huondoa usingizi na njaa, huongeza mapigo ya moyo na kupandisha presha. Mtu aliyekosa usingizi kwa mawazo akitafuna mchana kutwa, usiku anayo sababu ya pili ya kutolala, na kesho yake anaihitaji zaidi ili asimame. Lakini muulize Mpishi maskani ilimpa nini, hatataja jani kwanza. Atakwambia: "Pale hakuna anayeniuliza." Watu wanane, jojo, karanga, chupa ya maji, habari za mpira, na hakuna mtu anayemtegemea kwa lolote. Alikuwa na kiu ya kukaa na watu bila kuhojiwa. Mwambie aache muguka bila kumtafutia kikao kingine, atarudi kesho, au atatafuta kikao kibaya zaidi. Na Malindi vikao vibaya zaidi vipo. Hospitali ya hapa ina kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, tangu 2015 kwa ajili ya walioingia kwenye unga, yaani hiyo heroini. Hilo nalo lina upande wake mgumu: kwa wengi hapa mjini "kutafuta usaidizi" maana yake ni kwenda kwenye kliniki ile, kwa hiyo mwenye mawazo tu, asiyetumia unga, hujiona hana pa kwenda.

Kamari ndiyo ninayoiogopa zaidi katika kisa hiki. Muguka haikujidai kuwa suluhisho. Kamari ilivaa sura ya kazi. Aliamka na takwimu za timu, akalinganisha, akapanga, akaandika. Alijiona anashughulikia tatizo, na mkewe angemwona ana daftari angedhani hivyo hivyo. Kumbe kilichokuwa kikimtuliza ni yale matumaini ya saa mbili kabla ya mechi kwisha. Ndiyo maana mahubiri kuhusu haramu hayakumfikia. Alijua ni haramu. Alichokikosa ni kitu kingine cha kumpa matumaini ya saa mbili.

Na sahani? Wapo wanaosema afadhali alivunja sahani kuliko kumpiga mtu, sasa ametoa hasira, atatulia. Brad Bushman alilijaribu wazo hilo mwaka 2002 kwa mamia ya wanafunzi waliokuwa wamekasirishwa makusudi. Waliopiga gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewakera waliibuka na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya bila kufanya kitu. Hasira hufunzwa kwa kurudiwa. Isitoshe, hasira ya Mpishi haikuhusu mchuzi hata kidogo. Chumvi ndilo jambo pekee ndani ya nyumba ile ambalo bado alikuwa bingwa wake.

Limebaki la msikiti, na nalisema kwa heshima. Baada ya alasiri Mpishi alikuwa akiingia msikitini, akakaa hadi isha ipite. Ukitazama kwa safu mbili, hiyo imo katika njia nzuri. Mtafiti wa Marekani Kenneth Pargament alitenganisha kumwegemea Mungu kwa namna inayomwinua mtu na namna inayomdidimiza, kama vile kuamini kuwa Mungu amemwacha au anamwadhibu. Mpishi alikuwa katika ya pili. Alikaa pembeni akirudia moyoni kuwa riziki yake imekatwa kwa dhambi fulani ya ujana, na alikaa muda mrefu kwa sababu nyumbani kulimtisha. Ibada ileile, baadaye, ilimsaidia. Kilichobadilika ni alichoingia nacho na mahali alipoelekea akitoka.

Mkewe naye alikuwa na zake. Kabla ya kugundua, alishaona mume amebadilika, na alikuwa akilizungumza na shoga yake kila alasiri: ana mwanamke, hana mwanamke, mbona haongei. Mazungumzo yale yalimchosha. Susan Nolen-Hoeksema, aliyetafiti tabia ya kuzungusha wazo moja kichwani bila kulifikisha popote, alionyesha jinsi inavyorefusha huzuni, na watu wawili wakizungusha pamoja hawatoki kwa kuwa ni wawili. Alipojua ukweli, aliacha kuuliza kwa nini akaanza kuuliza nani wa kunisaidia. Akaenda kwa mjomba wa mumewe.

Kilichofanyika

Mjomba ni fundi wa mashua aliyestaafu. Hakuitisha kikao cha wazee. Familia ilikuwa na hitima ya ndugu yao, pilau ya watu 150, na alimpigia Mpishi simu: "Mwanangu, nataka unipikie. Sina mwengine." Mpishi alikuja alfajiri na mkoba wa visu, na safari hii visu vikafanya kazi. Alikata nyama, akakaanga vitunguu mpaka vikawa vyeusi kidogo kama apendavyo, akawatuma vijana kuni, akawakaripia kwa kuongeza maji. Waliomwona wanasema alikuwa mtu mwingine.

Jioni, wakisugua masufuria, mjomba akasema: "Najua huendi kazini tangu Julai. Mkeo pia ajua, na hakukuvunjia heshima kwa mtu. Sasa niambie wadaiwa ngapi."

Nimelitafakari sana neno hili la mjomba. Halikuanza na kosa. Mpishi alikuwa ametoka kufanya kazi anayoiweza mbele ya watu, mikono yake bado ina majivu, na siri aliyoibeba akaikuta tayari imebebwa na wenzake bila dunia kuanguka. Kisha akaulizwa swali lenye jibu la tarakimu. Swali "kwa nini ulifanya hivi" lingemfunga mdomo. "Wadaiwa ngapi" lilimpa pa kuanzia, na alilia kwanza kabla ya kujibu, na mjomba akaendelea kusugua sufuria mpaka akamaliza.

Jibu lilipoandikwa kwenye daftari lilikuwa shilingi 89,300: Sacco (chama cha akiba na mikopo) 40,000, mikopo minne ya simu 23,500, karo 14,000, duka la mtaani 6,800, rafiki 5,000. Kichwani mwake ilikuwa zaidi ya laki mbili. Deni lisiloandikwa hukua usiku.

Waliyoyafanya baada ya hapo yanafanana sana na utaratibu wa vikao 5 uliotayarishwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu wenye dhiki, uliojaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili na kuendeshwa na wahudumu wa afya wa jamii, si madaktari. Utaratibu ule humfundisha mtu kuvuta pumzi taratibu, kutenga matatizo yanayotatulika na yasiyotatulika, kurudia shughuli alizoziacha japo kidogo kidogo, na kuimarisha uhusiano na watu wake. Hoteli ikawekwa upande wa yasiyotatulika. Duka la mtaani likatangulizwa, kwa kuwa ni dogo na ndilo analopita mbele yake kila siku akigeuza uso. Sacco wakakubali kupunguza makato ya mwezi. Mikopo ya simu ikawekewa sharti moja: hakuna kukopa ili kulipa. Karo akaenda kuizungumza mkewe. Na Mpishi akachukua karatasi zake za kandarasi akaenda ofisi ya leba, yaani ofisi ya serikali ya mambo ya kazi, kwa sababu Sheria ya Ajira ya 2007 inataja malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka wa kazi kwa anayepunguzwa kazini, na kwa kandarasi ya msimu ni lazima mtu azisome karatasi zenyewe kujua zinasemaje.

Hospitalini presha ilisoma 160 kwa 100. Akatakiwa arudi ipimwe tena siku nyingine, na aliposikia muguka inahusika alipunguza mwenyewe bila kushurutishwa. Hakuacha mara moja. Ijumaa huenda maskani bado, na mimi sioni haja ya kumfuata huko. Siku nyingine alasiri hukaa kwa mjomba, penye kahawa na bao, na pale pia hakuna anayemuuliza.

Kwenye kamari alianguka tena mwezi uliofuata, shilingi 1,500 za oda ya biriani. Alimwambia mkewe usiku uleule, na hilo mimi nalihesabu kuwa maendeleo makubwa kuliko kutoanguka. Wakakubaliana mkewe ashike namba ya siri ya simu. Hapa tunatofautiana na mjomba, anayetaka ibaki hivyo daima. Kwa miezi miwili mitatu ni kinga nzuri. Ikiendelea mwaka mzima, mtu mzima anayeomba nauli ya tuktuk kwa mkewe atatafuta simu ya pili, na tutakuwa tumemrudisha kwenye maficho. Kwa walio mbali na mjomba wa aina hii, Msalaba Mwekundu wa Kenya una laini ya bure ya 1199, na mamlaka ya taifa ya kupambana na dawa za kulevya ina 1192.

Yaliyobaki

Sasa Mpishi hupika kwa oda: biriani Ijumaa, pilau za hitima na harusi, na supu asubuhi penye mahamri ya mkewe. Mapato ni haba kuliko ya hoteli. Kwa usiku hupata usingizi wa muda wa saa tano au sita, si usiku kucha. Ameambiwa na jiko jingine, upande wa Watamu, kuwa watahitaji mtu kaskazi ikiingia.

Ambalo halijafanywa ni la binti. Mkewe ameelezwa, mjomba anajua, Sacco wanajua, hata mwenye duka anajua. Binti aliyezoa vipande vya sahani hajaambiwa kitu na mtu yeyote, na Mpishi anasema atamweleza akishamaliza mitihani, asije akamvuruga. Mimi nasema amweleze kabla ya Desemba, hata kwa maneno matano: kazi ilikatika, niliogopa, nikawadanganya, sahani ile haikuwa kosa la mamako, nisamehe. Msimu ukianza atatoka tena saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi saa tatu usiku, akisimulia samaki, na safari hii itakuwa kweli. Mtoto yule hana njia ya kulijua hilo ila aambiwe.